Maswali ya Wasomaji: Kushukuru kwa Kutaja

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka mambo mawili, rehema ya Mungu na namna ya kumshukuru kwa imani aliyotupa. Tumechagua sita. Aya zilizonukuliwa ni za Biblia ya Union Version.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Naongoza kikundi cha vijana. Wananiuliza tofauti ya rehema, neema na fadhili, nami najibu kwa kubahatisha. Naomba msaada.

JIBU: Jibu linalozoeleka ni kwamba rehema ni kutopewa adhabu uliyostahili, na neema ni kupewa jema usilostahili. Kwa kukariri linafaa, lakini Biblia ina upana zaidi ya hapo. Bartimayo kipofu alipopaza sauti, "Mwana wa Daudi, Yesu, unirehemu" (Marko 10:47), hakuwa na hukumu ya kuepa. Alitaka macho. Kwa hiyo rehema ni Mungu kumwinamia aliye katika hali mbaya, iwe hali hiyo imeletwa na dhambi yake mwenyewe au na maisha tu.

Chini ya Kiswahili chetu yamo maneno ya Kiebrania. Hesed ni wema wa mtu aliyejifunga kwa agano na asiyeliacha hata mwenzake akilivunja. Rahamim ni huruma inayotoka ndani kabisa, na linahusiana na rehem, yaani tumbo la uzazi. Hen ni kibali, na hapo ndipo neema inapokaa. Sasa angalia tatizo. Hesed ya Zaburi 136 imefasiriwa "fadhili", lakini hesed ya Kutoka 34:6 imefasiriwa "rehema": "mwingi wa rehema na kweli." Neno ni lile lile. Ndiyo maana hatushauri mtu ajenge somo zima juu ya tofauti ya maneno haya ya Kiswahili peke yake. Litaporomoka kijana mmoja akifungua tafsiri nyingine.

Somo lenye mashiko zaidi liko Zaburi 51:1: "Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako." Vijana watafute Daudi anapimia nini ombi lake. Kipimo si machozi yake wala ukubwa wa toba yake. Ni fadhili za Mungu.

Kisha someni Zaburi 136 kwa kupokezana. Kiongozi asome nusu ya kwanza ya kila aya, na kikundi kiitikie "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Kiitikio kinarudi mara 26, kwa kuwa aya ni 26. Kufika kama aya ya 12 watachoka na kuanza kuitikia bila kufikiri. Usiwakatize. Mkifika aya ya 25 simama uwaulize: zaburi iliyotoka kwenye kuumbwa kwa mbingu, ikapita kwa Farao na bahari kugawanyika, inatafuta nini kwenye "awapa chakula wote wenye mwili"? Hapo mjadala utajiendesha wenyewe.

SWALI: Naanguka katika dhambi ile ile kila mara. Natubu leo, wiki ijayo nimerudi. Sasa naona haya hata kuomba. Je, rehema haina kikomo?

JIBU: Petro aliuliza swali linalokaribiana na lako, ila yeye alitaka kujua amsamehe ndugu yake mara ngapi. Akadhani saba ni nyingi. Akaambiwa saba mara sabini (Mathayo 18:22). Katika Luka 17:4 Bwana anasema habari ya mtu kukosa mara saba kwa siku moja na kurudi mara saba kusema, "Nimetubu." Anayewaagiza wanadamu wasamehe hivyo hawezi yeye mwenyewe kuwa na mkono mfupi kuliko wao. Na aliyeandika "ni mpya kila siku asubuhi" (Maombolezo 3:23) hakuandika siku nzuri. Alikuwa akiutazama mji wake ulioteketezwa.

Hilo ni la kwanza, na lishike kabla ya mengine. Ila inawezekana toba yako ina tundu mahali fulani. Kwa kawaida tundu huwa sehemu hizi.

Toba ya jumla. "Nisamehe makosa yangu yote" haimgusi mtu. Itaje dhambi kwa jina lake, kama ungeitaja ukimsimulia daktari ugonjwa: "Nimemdanganya mke wangu kuhusu fedha za ada, na nilimdanganya kwa sababu nilikuwa nimezitumia." Ukifika kwenye neno "lakini", simama. Baada ya hapo huwa tunajitetea.

Toba isiyorudisha. Sheria ya Walawi 6:1–5 ilimtaka mwizi au mdanganyifu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo akaahidi mara nne (Luka 19:8). Kurudisha hakununui msamaha, maana wokovu ulikwisha kuingia nyumbani kwake. Kazi yake ni kukata mzizi. Mtu aliyerudisha fedha na nyongeza juu, mbele ya aliyemwibia, hurudia wizi kwa shida.

Toba inayoacha njia wazi. Ukijua kwamba unaanguka usiku ukiwa peke yako na simu, basi simu ilale chumba kingine. Hili si jambo la kiroho hata kidogo, na ndiyo sababu wengi hulipuuza.

Tundu lililo baya kuliko yote ni kupeleka toba mahali pasipo na rehema. Yuda, aliyemsaliti Yesu, alijuta. Alikiri, "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia", na akarudisha vipande vyote 30 vya fedha. Ukiangalia vitendo tu, alifanya zaidi ya Petro. Lakini aliyapeleka hayo kwa makuhani waliomwambia hayawahusu, kisha akaenda kujinyonga. Petro naye, baada ya kumkana Bwana, alilia kwa uchungu, ila akabaki na wenzake mpaka Bwana alipomtafuta. Haya unayoiona ikikuzuia kuomba inakusukuma kwenye njia ya Yuda. Iambie hapana.

Na kama tabia yenyewe imekuwa uraibu, wa pombe, kamari au picha chafu, usipigane nao gizani. Mwendee padre, mchungaji au mshauri mmoja anayejua kufunga mdomo, na mpange siku maalum ya kukutana kila wiki. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi zetu. Kuungamiana kunahitaji watu wawili.

SWALI: Sala yangu ya shukrani ni maneno yale yale miaka nenda miaka rudi: asante kwa uzima, afya, familia na riziki. Naona nakariri tu. Nifanyeje?

JIBU: Maneno hayo hayana kosa. Kosa ni kwamba yanashukuru kwa mkupuo, na kinachoshukuriwa kwa mkupuo hakionekani. Shukrani ya Biblia hutaja. Zaburi 103 inajiambia, "usizisahau fadhili zake zote", na papo hapo inaanza kuzitaja moja moja: husamehe, huponya, hukomboa, hutia taji, hushibisha. Vitenzi vitano ndani ya aya tatu, na mtendaji ni mmoja.

Jaribu hivi kwa siku 30. Chukua daftari dogo. Kila usiku, kwa dakika kumi, andika mambo matatu ya siku hiyo. Matatu yanatosha. Wanaoanza na kumi huishiwa siku ya nne na kurudia "uzima na afya". Kwa kila jambo jibu maswali mawili: limetokea nini hasa, na limenifikia kwa mkono wa nani? Kisha mwambie Mungu hayo uliyoandika, kwa sauti kama unaweza.

Tofauti inakuwa hivi. Sala ya zamani ilisema: "Asante Bwana kwa familia yangu." Sala ya daftari inasema: "Bwana, leo jioni mwanangu alinijibu vibaya nami nikanyamaza. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena kali. Sijui nilinyamazaje. Baadaye akaja mwenyewe kukaa karibu nami. Asante." Sala ya pili huwezi kuirudia kesho, kwa kuwa kesho ni siku nyingine. Dawa ya kukariri ni hiyo tu.

Mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili, tumia Zaburi 107. Inawapanga watu katika makundi manne yenye shida nne: waliopotea nyikani, waliofungwa gizani, walioumwa kwa sababu ya upumbavu wao, na mabaharia waliokutwa na dhoruba. Kila kundi linapitia hatua zile zile: shida, kilio, kuokolewa, kisha agizo la kumshukuru Bwana kwa fadhili zake, ambalo liko aya ya 8, 15, 21 na 31. Pitia daftari la wiki ukijiuliza wewe ulikuwa kundi gani. Kundi la tatu tunalipenda kuliko yote, maana hao hawakuwa watu wema waliopatwa na mabaya. Walijitakia wenyewe, na wakaponywa vile vile.

Zipo njia mbili ambazo zoezi hili hupotoka. Ya kwanza ni kulinganisha. Yule Mfarisayo wa Luka 18 alianza sala yake kwa shukrani kamili: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Hesabu vitenzi vinavyofuata. Anafunga yeye, anatoa zaka yeye. Mungu ametajwa mwanzoni, kisha hana kazi tena katika sala hiyo. Kwa hiyo mwisho wa wiki soma ulichoandika na uangalie mtendaji ni nani. Ukikuta "nimefanikiwa", "nimewashinda", "nimekuwa bora kuliko", daftari limegeuka kioo. Mtoza ushuru wa mfano ule ule hakuwa na orodha yoyote, alikuwa na sentensi moja: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi."

Njia ya pili ni kuandika yaliyokwenda vizuri tu. Andika pia ulichosamehewa siku hiyo. Simoni Mfarisayo aliambiwa habari za wadeni wawili, mmoja wa dinari 500 na mwingine wa 50, wote wakasamehewa (Luka 7:41–43). Mwenye deni kubwa ndiye aliyependa zaidi. Asiyejua deni lake lilikuwa kiasi gani atashukuru kama aliyepunguziwa bei sokoni.

Siku ukikosa kuandika, usilipe deni kesho yake kwa kuandika sita. Endelea na matatu.

SWALI: Mwaka jana nilimzika mtoto wangu. Watu wa kanisani wananiambia, "Shukuru kwa kila jambo, ni mapenzi ya Mungu." Siwezi. Je, nimepoteza imani?

JIBU: Mama, pole sana. Hapana, hujapoteza imani.

Wanaonukuu 1 Wathesalonike 5:18 kwako wanaisoma kana kwamba mtume Paulo amesema umshukuru Mungu kwa sababu ya kifo. Katika Kigiriki ni en panti, "katika kila jambo", yaani hali yoyote uliyomo usiache kabisa kuzungumza na Mungu kama Mungu wako. Ni kweli Waefeso 5:20 inasema "kwa mambo yote", lakini Paulo huyo huyo anakiita kifo adui, tena adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Hakuna mahali anapotuagiza tumshukuru Mungu kwa ajili ya adui huyo.

Mtazame Yesu kwenye kaburi la Lazaro. Yohana 11 inasema aliugua rohoni, akalia machozi. Muda mfupi baadaye, mbele ya kaburi lile lile, akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Machozi na shukrani vilikuwa pamoja, kimoja hakikufukuza kingine. Na shukrani yake ilikuwa kwa kusikiwa. Hakushukuru kwamba rafiki yake amekufa.

Ukishindwa kushukuru kabisa, iko Zaburi 88. Inaanza na kilio na kumalizika gizani, bila neno hata moja la shukrani, na bado imo katika kitabu cha sala. Isome kwa sauti siku ambazo huna maneno. Siku ukipata nguvu kidogo, mtaje mtoto wako kwa jina mbele za Mungu na ushukuru kwa kitu chake kimoja: jinsi alivyocheka, wimbo alioupenda. Usijilazimishe kufika mbali zaidi ya hapo. Na kama huli, hulali, au unatamani kufa, mwone daktari au mshauri upesi. Kufanya hivyo hakupingani na kuomba.

Kwa waombolezaji wenzetu wanaokwenda kumtembelea mtu kama huyu: rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mtu kumwambia neno (Ayubu 2:13). Ilikuwa huduma yao bora. Waliharibu walipofungua midomo. Na ukitaka kumnukuu Ayubu 1:21, "jina la Bwana na libarikiwe", soma kwanza sura ya 3 uone yeye mwenyewe alisema nini baada ya hapo.

SWALI: Nikitoa sadaka ya shukrani baada ya kupona, si kama namlipa Mungu? Na kiwango chake ni kipi?

JIBU: Ukitoa ili msilaumiane baadaye, unalipa, na Zaburi 50:12 inakujibu: Mungu akiona njaa hatakuambia. Kiwango hakuna. 2 Wakorintho 9:7 inaacha kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, kwa hiyo asikutajie mtu tarakimu kwa kukutisha kwamba ugonjwa utarudi.

Linalosahaulika ni jinsi sadaka hii ilivyoliwa. Walawi 7:15 iliagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Kuhani alipewa kidari na paja la kulia, na nyama iliyosalia ilikuwa ya mtoaji. Nani anamaliza kondoo kwa siku moja na nyumba yake peke yake? Ilibidi waitwe watu. Basi sehemu ya sadaka yako iwe chakula, na mwite aliyekuuguza pamoja na mtu asiyeweza kukurudishia mwaliko.

SWALI: Nimezaliwa katika nyumba ya Wakristo. Sina siku ya kuokoka ya kusimulia, na mara nyingine naona imani yangu ni ya kurithi tu. Nishukuru kwa kitu ambacho sikukichagua?

JIBU: Wafilipi 1:29 inasema "mmepewa kwa ajili ya Kristo, si kumwamini tu, ila na kuteswa kwa ajili yake." Kuamini kwenyewe kumetajwa kama kitu ambacho watu wamepewa. Aliyeangushwa njiani kama Sauli, ndiye Paulo, amepewa. Aliyefundishwa kuomba kabla hajajua kusoma naye amepewa, ila kwake kilikuja polepole na kwa mikono mingi. Timotheo alikuwa wa kundi hili la pili. Paulo, ambaye ushuhuda wake ulikuwa wa kutisha, hakumdharau, bali alimtajia bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

Urithi nao huweza kuoza ukiachwa sandukuni, na shaka unazozisikia huenda ni dalili kwamba umeanza kulifungua. Sala ya kipindi hicho ni ya yule baba wa Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe aliponywa kwa sala hiyo yenye nyufa.

Ukiombwa ushuhuda kanisani, usitunge dhambi za kusisimua ambazo hukuzitenda. Dakika tatu zinatosha, na kiolezo kiko 1 Timotheo 1:12–17: nilivyokuwa, jinsi nilivyopata rehema, sasa nina kazi gani, kisha sifa kwa Mungu. Hapo penye "nilivyokuwa", wewe useme ulikuwa nani na nani alikushika mkono.

Nyumbani, chora mlolongo wenyewe kwenye karatasi. Nani alikufundisha sala ya kwanza? Biblia ya kwanza ulipewa na nani? Nani hakukufukuza ulipouliza maswali ya ukaidi? Wengi hupata majina kati ya matano na kumi. Waliokufa, mshukuru Mungu kwa ajili yao kwa majina. Walio hai, wapigie simu mmoja mmoja, na kila mmoja mtajie jambo moja tu alilolifanya. Huenda akasema hakumbuki. Mkumbushe.